Manute Bol: Pandikizi la mtu aliyeuza urefu wake ili ajenge shule

JUBA. Fulana zenye sura ya John Cena, mabegi ya shule yenye picha ya Dwayne Johnson "The Rock", mikanda ya ubingwa ya plastiki ya kuchezea watoto. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Juba kutoka Kampala au Nairobi hahitaji kuelezwa wanunuzi wa bidhaa hizi ni akina nani. Zinapita Elegu, zinavuka Nimule, na baada ya kilomita 192 za lami zinatundikwa kwenye vibanda vya Konyo Konyo na Custom.

Ajabu iko upande wa pili wa biashara hiyo. Sudan Kusini ni nchi ya watu warefu, na ni nchi ya mieleka. Wamundari wa Terekeka, kaskazini mwa Juba, na Wadinka wa Bor, ng'ambo ya Nile, wamekuwa wakipigana mieleka tangu enzi za mababu. Vijana hukua kwenye kambi za ng'ombe wakinywa maziwa na kuangushana mavumbini. Hata hivyo, mtoto wa Juba anayetaka picha ya mwanamieleka kwenye begi lake anauziwa ya Mmarekani.

Kwa nini nchi yenye vipaji hivi hainunuliki nje kama inavyonunua? Jibu, au sehemu kubwa ya jibu, limo katika maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwa mwanamieleka wala mwigizaji wa kusomea, lakini alilazimika kuwa vyote viwili: Manute Bol.

Kutoka kambi ya ng'ombe hadi Washington

Bol alikuwa Mdinka wa Turalei, katika eneo la Twic, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Mwaka wa kuzaliwa kwake unaotajwa ni 1962. Alichunga mifugo kama vijana wengine wa kwao, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliwahi kumuua simba kwa mkuki akilinda ng'ombe. Ukoo wake ulikuwa wa watu warefu, lakini yeye aliwapita: mita 2.31.

Mpira wa kikapu aliujua akiwa kijana mkubwa, akaanza kuucheza Wau kisha Khartoum. Hadithi inayojulikana sana ni kwamba alipojaribu mara ya kwanza kuuzamisha mpira golini kwa mikono, alijigonga kwenye wavu na kuvunjika meno. Mwaka 1982 kocha wa Kimarekani, Don Feeley, alifika Khartoum kufundisha wachezaji wa Sudan, akamwona. Mwaka uliofuata, wakati vita vya kusini vikianza upya, Bol alikuwa Marekani.

Alicheza msimu mmoja katika Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, na mwaka 1985 akachukuliwa na Washington Bullets ya ligi ya NBA. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, rekodi ambayo hakuna mchezaji mgeni wa ligi hiyo aliyeifikia. Aliongoza ligi kwa kuzuia mitupo msimu huo, na akaongoza tena 1988/89 akiwa Golden State Warriors. Alipomaliza kazi alikuwa na mitupo 2,086 aliyoizuia na pointi 1,599 alizofunga. Ni nadra sana mchezaji kuzuia mara nyingi kuliko anavyofunga, na katika historia ya NBA hakuna mwingine mwenye hesabu kama hiyo kwa maisha yake yote ya uchezaji.

Lakini klabu hazikumnunua kwa hesabu hizo tu. Mwaka 1987 Washington walimsajili Muggsy Bogues, mchezaji wa mita 1.60, na picha ya wawili hao wakiwa wamesimama bega kwa kiuno ikazunguka dunia. Watu walilipa kiingilio ili wamwone Bol akisimama. Alipokuwa California alianza kurusha mpira kutoka mbali, nje ya mstari wa pointi tatu. Msimu ule alijaribu mara 91 na kufunga 20, na uwanja mzima ulikuwa ukimpigia kelele arushe. Alijua kwamba wanacheka, na alijua kwamba wanaocheka wamelipa.

Enzi zile zile, mtu mwingine mrefu alikuwa akiishi kwa namna hiyo hiyo. André the Giant, Mfaransa aliyekuwa mwanamieleka wa kulipwa, alikuwa akitangazwa kuwa na mita 2.24. Machi 1987 alipambana na Hulk Hogan mbele ya umati mkubwa katika jimbo la Michigan, na mwaka huo huo akaonekana kama jitu lenye moyo mwema katika filamu ya The Princess Bride. Mgongo wake ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hakuweza kumbeba mwigizaji mwenzake mwembamba bila kusaidiwa. Alifariki Januari 1993, akiwa na miaka 46.

Mieleka ya kulipwa ina siri ambayo si siri: mshindi hupangwa kabla ya pambano. Maumivu ni ya kweli, mazoezi ni ya kweli, lakini hadithi imeandikwa. Ndiyo maana njia kutoka ulingoni hadi kwenye filamu ni fupi. Dwayne Johnson alipoonekana katika The Mummy Returns mwaka 2001 na kupewa nafasi kuu katika The Scorpion King mwaka 2002, hakuwa akibadilisha kazi. Alikuwa akihamisha duka lile lile kwenda mtaa wenye wateja wengi zaidi.

Fedha zilirudi nyumbani

Bol hakuwa na duka la namna hiyo. Fedha zake zilikuwa na njia moja: nyumbani. Vita kati ya serikali ya Khartoum na waasi wa SPLA vilikuwa vikiua na kufukuza watu wa kusini, wakiwamo ndugu zake wengi. Bol alitembelea kambi za wakimbizi, akatoa fedha kwa misaada na kwa harakati za kusini. Inakadiriwa alitoa dola milioni 3.5, karibu kila alichokuwa nacho.

NBA ilimwacha katikati ya miaka ya 1990, viungo vikimuuma kwa baridi yabisi. Akarudi Khartoum. Kwa maelezo yake, serikali ilimtaka awe waziri wa michezo kwa sharti la kusilimu, akakataa. Baadaye alishukiwa kuwaunga mkono waasi na akazuiwa kuondoka. Alifanikiwa kufika Cairo mwaka 2001, na mwaka 2002 akaingia Marekani kama mkimbizi. Mtu aliyewahi kushangiliwa katika viwanja vikubwa vya nchi ile alirejea mikono mitupu, na magoti yake hayakuweza tena kucheza.

Hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanza, ile ambayo watu wengi huikumbuka kwa kejeli.

Mei 2002 alipanda ulingoni katika kipindi cha ndondi za watu maarufu kwenye televisheni ya Fox. Mpinzani wake alikuwa William Perry, mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu wa Kimarekani aliyeitwa "The Refrigerator" kwa unene wake. Mmoja mrefu kama mlingoti, mwingine mpana kama mlango wa ghala. Bol alishinda kwa pointi. Alikuwa amekubali kupigana kwa sharti kwamba namba ya simu ya mfuko wake wa kusaidia wakimbizi wa Sudan ionyeshwe kwa watazamaji.

Novemba mwaka huo huo alisaini mkataba wa siku moja na timu ya hoki ya barafuni ya Indianapolis Ice. Hakujua kuteleza kwenye barafu. Alivaa jezi, akakaa benchi, tiketi zikauzwa. Mwaka 2003 alipewa leseni ya mpanda farasi wa mashindano katika uwanja wa Hoosier Park, Indiana. Alivaa nguo za kazi hiyo, akapigwa picha, na hakukimbiza farasi hata mmoja.

Wapo waliosema ni aibu. Walimwona mzee wa mpira akijigeuza kichekesho. Ila mfanyabiashara anayeelewa soko ataisoma hesabu hiyo kwa namna nyingine. Bol alikuwa na bidhaa moja tu iliyobaki, urefu wake, na wanunuzi waliokuwa tayari kulipa ili kuuona katika mahali pasipotarajiwa. Aliiuza kwa bei aliyoipata na kuyapeleka mapato kwa watu wasio na chakula. Nafasi hizo zote tatu zilikuwa za uigizaji: bondia, mcheza hoki, mpanda farasi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwandikia hadithi ndefu zaidi ya usiku mmoja.

Julai 2004 teksi aliyokuwa amepanda huko Connecticut ilipata ajali na akaumia vibaya shingoni. Tangu hapo mwili haukuwa tena mtaji. Akaanza kutumia jina. Akishirikiana na shirika la Sudan Sunrise, alianza kujenga shule Turalei, akiwa na ndoto ya kujenga shule 41 kusini. Mwaka 2010 alikwenda nyumbani kukagua ujenzi, akabaki kwa ajili ya uchaguzi wa Aprili. Aliporejea Marekani alilazwa, akiwa na matatizo ya figo na maradhi makali ya ngozi. Alifariki 19 Juni 2010 akiwa na miaka 47, akazikwa Turalei. Miezi saba baadaye watu wa kusini walipiga kura ya kujitenga, na 9 Julai 2011 bendera mpya ikapandishwa Juba.

Aliyeuza hadithi

Miaka kadhaa baada ya Bol kuondoka Bridgeport, chuo hicho hicho kilimpokea mchezaji mwingine mrefu kutoka kusini mwa Sudan. Ger Duany alizaliwa Akobo, karibu na mpaka wa Ethiopia. Alipitia vita akiwa mtoto, na kwa muda alibebeshwa bunduki. Alikimbilia Ethiopia, akafika kambi za Dadaab nchini Kenya, na mwaka 1994 akapelekwa Marekani.

Mpira wa kikapu ulimsomesha, lakini haukumpeleka NBA. Kilichomfungulia mlango ni filamu. Mwongozaji David O. Russell alihitaji kijana mrefu wa Kisudani kwa ajili ya I Heart Huckabees, iliyotoka 2004. Duany alipata nafasi hiyo, kisha akaonekana katika The Fighter ya 2010. Mwaka 2014 alikuwa mmoja wa wahusika wakuu wa The Good Lie, filamu ya vijana waliotembea kutoka vitani hadi kambi ya Kakuma na kuhamishiwa Marekani, akicheza pamoja na Reese Witherspoon. Mwaka 2015 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilimteua kuwa balozi mwema wake katika ukanda huu. Mwaka 2020 alichapisha kitabu cha maisha yake.

Tofauti kati ya wanaume hawa wawili inamhusu kila anayefanya biashara kuvuka mpaka. Bol aliuza mwili, na mwili ni kama nyanya kwenye lori lililokwama Nimule: kila saa inayopita inapunguza bei. Duany aliingia kwa urefu, lakini alibaki kwa hadithi. Hadithi haiozi. Inauzwa kama filamu, ikauzwa kama kitabu, na mwenye nayo anaweza kuendelea kuizungumza magoti yanapochoka.

Hata hivyo, mapato ya hadithi yenyewe yalikwenda wapi? The Good Lie inahusu kusini mwa Sudan na Kakuma, lakini ilipigwa picha Marekani na Afrika Kusini. Waigizaji wake wakuu walikuwa na damu ya ukanda huu: Duany, mwanamuziki Emmanuel Jal, Kuoth Wiel aliyezaliwa kambini Ethiopia, na Arnold Oceng mwenye asili ya Uganda. Lakini wapishi, madereva, mafundi taa, wenye hoteli na wakodishaji wa magari waliolipwa wakati wa upigaji picha walikuwa kwingine. Juba inajua vizuri hali hii. Mafuta ghafi ya Sudan Kusini hutoka kwa bomba hadi Port Sudan, na petroli ya magari ya Juba huja kwa malori kupitia Uganda. Kipaji nacho kimekuwa kikisafiri hivyo: kinatoka ghafi, kinarudi kikiwa kimechapishwa kwenye fulana.

Matope ya Mukono

Jirani mmoja ameshaanza kujibu swali hili bila kusubiri mwekezaji. Mukono, mashariki kidogo ya Kampala, tangu 2023 vijana wanapigana mieleka ya kulipwa ya mtindo wa Marekani kwenye ulingo wa matope uliozungushiwa miti. Mchezo wao unaitwa Soft Ground Wrestling. Mwanzilishi wake, Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, alikuwa akitangaza mieleka ya Wamarekani kwa Kiganda runingani kabla ya kuanzisha ya kwao. Hawakuwa na fedha za kununua ulingo wa turubai na chemchemi, ndiyo maana wakachagua matope, ambayo hupunguza makali ya kuanguka. Kila mpiganaji, mwanamume au mwanamke, ana jina, ana adui, ana kisa. Video zao za simu zimetazamwa na mamilioni ya watu ndani na nje ya Afrika.

Kinshasa nayo ina katchi yake, ambako wanamieleka hupita mitaani wakiwa wamejipaka rangi, na ulingoni hutumia vituko vya uchawi kumaliza pambano. Umati unajua ni maigizo, na unalipa.

Mieleka ya Juba ni kitu kingine, na huo ndio utajiri wake. Hakuna mshindi aliyepangwa. Wapiganaji hujipaka majivu au vumbi, ngoma zinapigwa, wanawake wanaimba majina ya mashujaa wao, na wawili wanazungukana wakiwa wameinama, kila mmoja akitafuta mguu wa mwenzake. Hakuna ngumi. Anayemwangusha mwenzake chini ameshinda, na pambano linaweza kwisha kabla mtazamaji hajakunja mwavuli wake. Karibu na wakati wa uhuru, waandaaji walianza kuileta mijini kama mashindano ya kitaifa, na Uwanja wa Juba ukajaa Wamundari na Wabor, jamii ambazo huko vijijini zimemwaga damu kwa ajili ya ng'ombe. Watu waliokuwa wakiogopana porini walikaa jukwaa moja wakibishana kuhusu nani kateleza na nani kaangushwa.

Mashindano hayo yamekuwa yakikatika kila nchi inapovurugika, kama ilivyotokea baada ya Desemba 2013 na Julai 2016. Hilo ndilo pengo lenyewe. Kipaji kipo kila mwaka, soko lipo msimu mmoja na kupotea msimu mwingine. Bila ratiba, hakuna mdhamini. Bila mkataba, picha ya mpiganaji inapigwa na kila mwenye kamera, inauzwa popote, naye hapati kitu zaidi ya zawadi ya siku ile.

Mpira wa kikapu umeonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda tofauti. Huko Misri, Bol aliwafundisha watoto wa wakimbizi, na mmoja wao alikuwa Luol Deng, mzaliwa wa Wau. Deng alicheza NBA kwa miaka mingi, kisha akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Julai 2024 timu yake iliongoza kwa muda mrefu dhidi ya Marekani jijini London na kupoteza kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Siku chache baadaye iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika Olimpiki ya Paris. Nchi iliyopata ushindi huo haikuwa na uwanja wa ndani wa mchezo huo, na vijana wa Juba walikuwa wakiendelea kucheza nje, juani, kwenye viwanja kama Nimra Talata. Lakini jezi zenye jina la Sudan Kusini zilitafutwa, na zilitafutwa kwa sababu kulikuwa na shirikisho, ratiba na jina la kuuza.

Mieleka haihitaji hata dari. Inahitaji tarehe zinazojulikana mapema, ili mwenye lori la soda kutoka Kampala apange safari yake. Inahitaji mikataba inayosema picha ni ya nani na mgawo ni wa asilimia ngapi. Inahitaji watangazaji watakaoisimulia kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili, lugha ambayo maelfu ya wenyeji walirudi nayo kutoka Kakuma na kambi za Uganda, ili pambano la Terekeka dhidi ya Bor lieleweke Arua, Eldoret na Mwanza. Sudan Kusini imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Vitunguu, saruji na unga vimeshaijua njia ya Juba, lakini mizigo ya kurudi bado ni michache, na malori mengi yanashuka Nimule yakiwa matupu.

Bol alipopanda ulingoni mwaka 2002, sharti lake lilikuwa moja: namba ya simu ya watu wake ionekane kwenye skrini. Hakuwa na wakala mkubwa, hakuwa na nguvu ya kudai zaidi, lakini hakukubali kutazamwa bure. Kijana wa Kimundari anayejipaka majivu msimu huu ana mwili wenye nguvu kuliko ule wa Bol wa siku ile. Sharti lake bado hajaulizwa.